Dagaa wanarudi, hela haionekani: chanzo kiko wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwanza, mwaka wa sita huu. Nina mawakala wawili visiwani upande wa Ukerewe na mmoja Sengerema. Wananinunulia, mzigo unashushwa Kirumba Mwaloni, naupeleka stoo kwangu Igoma. Vijana wanachambua na kufungasha mifuko ya kilo moja na ya nusu kilo, natuma Dodoma, Singida na Dar kwa basi. Mwaka juzi wateja walianza kusema kilo haitimii. Nikabadili mifuko, nikachukua ile migumu ya kuziba kwa mashine. Malalamiko ya kilo yakaisha, lakini sasa wanasema dagaa wana ukungu na harufu, wengine wanarudisha katoni nzima. Nimepunguza bei ili wasinikimbie. Nimewaondoa vijana wawili wa stoo maana nilihisi wananichezea. Bado. Halafu mauzo yapo lakini hela siioni, na kilo nilizonunua hazilingani na nilizouza. Mama mkwe anasema ni chuma ulete. Mume wangu anasema niache dagaa nifungue duka la nguo. Mkopo wa kikundi narejesha kila Jumatatu. Tatizo langu hasa ni nini?*

Marahaba, mwanangu, na pole. Wengi wanaoniandikia huuliza wafanye nini. Wewe umeuliza tatizo lako hasa ni nini, na hilo ndilo linalotakiwa kujibiwa kwanza.

Nikiyapanga uliyoandika, naona mambo matano: kilo kupungua, ukungu, mzigo kurudishwa, vijana usiowaamini, na hela isiyoonekana. Kila moja umelitafutia dawa yake. Mfuko mgumu kwa ajili ya kilo, bei ya chini kwa ajili ya wateja, kufukuza kwa ajili ya wizi, na sasa unashauriwa uhame biashara yenyewe. Mimi naamini karibu yote ni jambo moja, na kwamba dawa ulizotumia zimekuwa zikilikuza. Nitakueleza nimefikaje hapo, kisha nitakuonyesha namna ya kunipima kabla hujaniamini, maana sijaingia stoo yako wala sijashika dagaa wako.

Wazee wanasema usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Umeanguka kwenye ukungu, lakini hukujikwaa hapo. Ulijikwaa mwaka juzi, wateja waliposema kilo haitimii. Jiulize: ni kitu gani ambacho kikiwa kwenye gunia kinapungua uzito bila mtu kukigusa, na ukikiziba ndani ya mfuko mgumu hakipungui ila kinaota ukungu? Ni maji. Malalamiko ya kilo na malalamiko ya ukungu yametoka kwenye dagaa yuleyule ambaye hajakauka.

Naomba univumilie nieleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukilielewa hili mengine yatajipanga yenyewe. Dagaa akitoka ziwani, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukimwanika, maji ya juu ya ngozi huondoka haraka, hasa kukiwa na jua na upepo. Maji ya ndani hutoka polepole, na ngozi ikishakauka na kukaza hutoka polepole zaidi. Ndiyo maana dagaa anaweza kumeta, akalia kwa ukavu ukimfikicha kiganjani, kumbe katikati bado ana unyevu. Wataalamu wa samaki wakavu wana vipimo viwili vya kukumbuka: unyevu ukishuka hadi kama asilimia 25, bakteria wengi wanaoozesha samaki hushindwa kufanya kazi, lakini ukungu bado unaweza kuota. Ili ukungu nao ushindwe, unyevu unatakiwa ushuke hadi karibu asilimia 15 au chini yake. Biashara yako, kwa maoni yangu, inaishi katikati ya namba hizo mbili. Dagaa wako hawaozi mbele ya macho yako Igoma. Wanafika Dodoma wakiwa na ukungu.

Sasa angalia mfuko. Zamani ulipotumia mifuko inayopitisha hewa, yale maji yaliyobaki ndani ya dagaa yalitoka taratibu njiani na dukani kwa mteja. Dagaa alizidi kukauka, jambo jema kwa afya yake, lakini mizani ya mteja ikasema gramu 930. Ulipoziba mfuko kwa mashine, maji yakakosa pa kwenda. Mchana basi likipata joto yanatoka kwenye dagaa, usiku kukipoa yanaganda kama umande kwenye ukuta wa plastiki na kuwarudia dagaa wa juu. Ukungu haukuhitaji kingine. Kilo sasa inatimia kwa sababu maji umeyafungia ndani. Mfuko mpya haukutibu kitu, ulihamisha tatizo kutoka kwenye mizani ya mteja kwenda kwenye pua yake.

Na hapa ndipo nalifikia la chuma ulete, uchawi unaosemwa kuvuta mali ya mtu. Sitambeza mama mkwe wako. Ameona kitu cha kweli: mali inapungua na hakuna mtu anayeonekana kuichukua. Ila kabla ya kwenda mbali, chukua kalamu. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 40 za dagaa halisi na kilo 10 za maji. Likikaa stoo siku kadhaa, likaanikwa tena kidogo, likafika asilimia 14, zile kilo 40 za dagaa zipo palepale, lakini gunia zima sasa lina kilo 46 na nusu. Kilo tatu na nusu zimeondoka na hewa. Tuseme kwa mfano tu kwamba kilo unainunua shilingi 7,000: hizo ni shilingi 24,500 kwa gunia moja, na kwa magunia kumi ni 245,000. Ongeza mchanga na chenga ambazo vijana wanazitoa wakati wa kuchambua, kwa maana dagaa walioanikwa chini huja na mchanga wao, na wewe mchanga huo umeulipia kwa bei ya dagaa. Kilo ulizonunua haziwezi kulingana na ulizouza hata kama stoo nzima ingekuwa inalindwa na malaika.

Hii ina maana gani kwa wale vijana wawili? Umesema umewaondoa na "bado". Neno hilo moja ni ushahidi. Kama wao ndio walikuwa shimo, ukiwaondoa shimo lingeziba. Halikuziba. Huenda walikuwa na makosa yao mengine, sijui, lakini upungufu wa kilo hauwezi kuwekwa mabegani mwao kwa ushahidi ulio nao sasa. Nakuomba, kama unadaiwa siku zao za kazi, walipe, na kama ulisema neno "mwizi" mbele ya watu, ulirudishe mbele ya watu hao hao. Nasema hivi kwa ajili ya haki, lakini pia kwa ajili ya biashara: mikono iliyochambua dagaa kwa miaka hujua unyevu kwa kushika, na mikono mipya haijui. Yawezekana baada ya wao kuondoka ulipitisha mzigo mbichi zaidi kuliko mwanzo.

Mtu akipata hasara, mawazo yake hukimbilia kwa mtu mwingine, kwa sababu mtu anaonekana na utaratibu hauonekani. Mmarekani W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu aliyefundisha viwanda vya Japani kuanzia mwaka 1950, alisisitiza maisha yake yote kwamba sehemu kubwa ya makosa kazini hutokana na namna kazi ilivyopangwa, na aliyeipanga ni mwenye biashara. Si maneno matamu kuyasikia. Lakini yana faida yake: utaratibu ulioupanga wewe, wewe unaweza kuupangua.

Turudi basi kwenye unyevu. Kusema "dagaa hawajakauka" bado si chanzo. Ni ngazi moja tu chini ya ukungu. Taiichi Ohno, mmoja wa waliojenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alikuwa na mfano wake maarufu wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa. Kwa nini imezidiwa? Beringi haikupata oili ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini imelika? Hakukuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Ambaye angeishia kwenye fyuzi angekuwa ananunua fyuzi kila baada ya muda. Wewe mifuko yako ndiyo fyuzi zako.

Hebu tushuke ngazi zako. Kwa nini dagaa wanafika stoo na unyevu? Kwa sababu mawakala wanawapokea wakiwa na unyevu. Kwa nini wanawapokea? Hapa hukuniambia unawalipaje, lakini wanunuzi wengi wa ziwani niliofanya nao kazi huwapa mawakala hela mkononi na kamisheni kwa kila kilo. Kama na wewe ndivyo unavyofanya, basi fikiria umesimama alipo wakala wako jioni mwaloni, pale ufukweni mzigo unaposhushwa. Gunia lenye maji lina uzito zaidi. Uzito zaidi, kamisheni zaidi. Kumwambia mwanikaji "rudisha hawa juani kesho" ni kujikata kamisheni mwenyewe, na ni kukosa boti ya asubuhi. Mtu uliyempa kazi ya kuangalia ukavu ndiye huyohuyo anayepata hasara dagaa akikauka. Hahitaji kuwa mtu mbaya, anahitaji tu kufuata malipo uliyompangia.

Kwa nini unamlipa kwa kilo? Nadhani kwa sababu miaka ya mwanzo shida yako ilikuwa kupata mzigo, na kamisheni kwa kilo huleta mzigo. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa shida ya wakati ule. Kwa nini leo bado unahitaji mzigo wowote, kila wiki, hata usio mzuri? Jibu liko kwenye sentensi iliyo kabla ya swali lako la mwisho, uliyoiandika kama ya kupita: mkopo unaorejesha kila Jumatatu.

Wewe na mimi tunajua ziwa halina Jumatatu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa, iwe karabai ya zamani au ya betri na sola ya leo, huwavuta kwa sababu pande zote ni giza. Mwezi ukiwa mpevu taa inapoteza nguvu yake, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo dagaa huja kwa mawimbi ya siku kama 29 na nusu: giza kuna wingi na bei inashuka, mbalamwezi kuna uhaba na bei inapanda. Mkopo wako unataka kiasi kilekile wiki zote nne. Wiki ya mbalamwezi ni lazima upeleke kitu Dodoma ili upate kitu cha kupeleka kikundini. Unampigia simu wakala, "nitafutie chochote." Naye anatafuta chochote. Dagaa walioanikwa nusu siku, waliopigwa mvua wakageuzwa, waliobaki mwisho wa giza. Hata kama nimekosea kwenye kamisheni, naomba hili la Jumatatu ulichunguze kwa makini, kwa sababu ndilo lililo chini kabisa ya yote niliyoyaona.

Na sasa angalia bei uliyopunguza. Mteja wa Dodoma hakusema dagaa ni ghali, alisema wana ukungu. Ulipopunguza bei, faida kwa kilo ilipungua, ukahitaji kuuza kilo nyingi zaidi ili Jumatatu itimie, na ukahitaji kununua kwa bei ndogo zaidi. Dagaa wa bei ndogo ni wepi? Ni walewale wenye maji na mchanga. Kila dawa uliyokunywa imekurudisha mlango uleule.

Lakini nikutahadharishe kuhusu hizi "kwa nini" zangu. Ni rahisi kuzipanga mezani zikapendeza na zisiwe kweli. Mtu hujibu kwa anachokijua, au kwa anachotaka kiwe kweli, na anafika mwisho akiwa na uhakika mkubwa wa jambo ambalo hajaliona. Kila ngazi inatakiwa kuonekana kwa macho au kupimwa. Pili, ngazi ni moja, ilhali tatizo mara nyingi lina wazazi kadhaa. Mjapani Kaoru Ishikawa alizoea kulichora kama mfupa wa samaki: kichwani tatizo, na kwenye miiba ya pembeni watu, njia za kazi, vifaa, malighafi, vipimo na mazingira, kila mwiba na visababishi vyake. Chora wako. Kwenye mazingira utaandika mvua, kwa kuwa kati ya Oktoba na Desemba na tena kati ya Machi na Mei kukausha vizuri ni kazi kweli. Kwenye vifaa utaandika kama wanikaji wako wana vichanja au wanaanika mchangani. Kwenye njia za kazi, kama vijana wanafungasha dagaa wakiwa bado na joto la jua, jambo linalotoa umande hata kwa dagaa mkavu. Kwenye vipimo, mizani. Usinichukulie mimi kama nimemaliza mfupa mzima.

Namna ya kunipima ni hii, na haigharimu sana. Mzigo ukishuka, toa kilo 10 kutoka kwa kila wakala, kila mmoja peke yake. Chekecha mchanga na chenga, upime vimetoka gramu ngapi. Kisha waanike dagaa juu ya kichanja siku nzima ya jua, warudishe ndani wapoe, upime tena. Tofauti hiyo ndiyo maji uliyoyanunua. Fanya hivyo kwa kila mzigo, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, na uandike tarehe. Kwenye kila katoni inayotoka andika wakala, mwalo, siku ya kupokea na siku ya kufungasha, ili katoni ikirudi uweze kujua imetoka wapi. Na kwa kila mzigo, bakiza mfuko mmoja uliozibwa, uuweke kwenye rafu stoo kwa wiki tatu. Wewe mwenyewe uone ukungu kabla mteja hajauona.

Matokeo yatakuambia kama nimepatia. Kama wakala mmoja anapoteza kilo moja na nusu kwa kumi na mwingine robo kilo, na katoni zinazorudi ni za yule wa kwanza, umepata pa kuanzia. Kama wote watatu wanapoteza sana wiki za mbalamwezi tu, basi ni Jumatatu, si wakala. Kama dagaa wanapokelewa wakavu lakini mfuko wa rafuni unaota ukungu, kosa liko stoo kwako: magunia yamelazwa kwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu, paa linavuja, au wanafungashwa wakiwa na joto. Kama wanaorudisha ni wa mji mmoja tu, uliza wanahifadhije na basi linawapakia wapi. Na kama mchanga na maji havitoshi kueleza kilo zinazopotea, hapo ndipo unapoanza kuuliza kuhusu mizani, na mwisho kabisa kuhusu watu. Mizani yako ipeleke ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo, ile taasisi ya serikali, kabla hujamtuhumu mtu mwingine.

Usitishike na katoni moja. Katoni moja ikirudi kwa sababu basi liliharibika porini, hiyo ni ajali na huhitaji kubadili biashara kwa ajili yake. Kinachorudi kwa mtindo uleule, msimu uleule, kutoka mwalo uleule, hicho ndicho cha kukichimba.

Wakati unapima, kuna huduma ya kwanza ambayo haiwezi kungoja. Dagaa wenye ukungu usiwauze, usiwachanganye na wazuri, na usiwape wafuga kuku kwa bei ya chini, maana ukungu unaweza kutengeneza sumu na kuku wanadhurika pia. Kila mzigo unaoingia uanike tena stoo kabla ya kufungasha, uwaache wapoe, ndipo uzibe. Utapoteza uzito, siku moja na vibarua. Na ujue kwamba hata hilo bado ni kutibu dalili: unafanya kazi ambayo ulishailipia kisiwani. Lakini inamlinda mlaji na jina lako, kwa hiyo fanya.

Kuhusu tiba yenyewe, nakuwekea njia tatu na ubaya wake. Ya kwanza ni kubadili malipo ya mawakala: kamisheni ihesabiwe kwa uzito baada ya kuanika tena stoo, na nyongeza kidogo kwa mzigo usiopoteza zaidi ya kilo tatu kwa mia. Ndiyo ninayoiamini zaidi, na ndiyo itakayokuletea kelele. Wakati wa uhaba, mnunuzi anayechagua huachwa, na wakala anaweza kuipeleka hela yako kwa mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo maana nakushauri uanze na wakala mmoja, yule unayemwamini, umwonyeshe namba za kilo kumi kwa macho yake, na kamisheni ya kilo kavu iwe juu kuliko ya sasa ili asipate hasara kwa kuwa mwaminifu.

Ya pili ni kuwekeza kwenye uanikaji: kuacha kununua popote, ukashikana na kikundi kimoja cha wanikaji, wengi wao ni akina mama, ukawasaidia kupata vichanja. Dagaa wa kichanjani hukauka pande zote na hawana mchanga. Inachukua muda na mtaji, na mvua bado itanyesha. Kwa mtu mwenye deni la kila wiki, isiwe ya kwanza.

Ya tatu ni Jumatatu yenyewe. Nenda kwa viongozi wa kikundi na daftari lako, uombe marejesho yalingane na mwendo wa ziwa: makubwa wiki za giza, madogo wiki za mbalamwezi. Vikundi vingine vitakubali kwa kuwa wanachama wenzako nao wanaishi kwa ziwa hilihili. Wengine watakataa. Wakikataa, njia iliyobaki ni akiba ya mzigo: nunua zaidi wakati wa giza, kausha sawasawa, uza mbalamwezi ikifika na bei ikiwa juu. Hili linawezekana kwa dagaa mkavu tu, kwa sababu dagaa mwenye unyevu hakai. Uanikaji na mkopo, unaona, vimeshikana. Na tafadhali usizibe pengo la wiki moja kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Nimeona biashara nzuri zikimalizwa nayo hapa Mwanza, na wenyewe walikuwa na miezi michache tu ya kusubiri.

Bei irudishe taratibu, mteja mmoja mmoja, na umwambie ukweli: kilo yako sasa ni ya dagaa wakavu, haina maji wala mchanga. Mteja wa jumla anayeuza rejareja ataelewa haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu yeye ndiye anayetupa dagaa wakiota ukungu.

Mume wako naye nimemsikia. Anaona unachoka na hela haionekani, na hofu yake ni halali. Lakini duka la nguo litakuwa na Jumatatu ileile, na kama muuzaji utamlipa kwa namna inayomwelekeza pabaya, upungufu utakufuata huko. Jipeni mizunguko miwili ya mwezi kwa jambo hili, pamoja, yeye akisimamia daftari la kilo kama anaweza. Baada ya hapo kama maji na mchanga vimepungua na bado kilo moja haikuachii faida ukishatoa usafiri, mifuko, vibarua na marejesho, basi atakuwa na hoja, na mtaamua mkiwa na namba.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kwa uanikaji na ubora wa samaki, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, au Nyegezi kwenye chuo cha uvuvi cha FETA. Kwa ufungashaji na vifaa, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapa mkoani, na kwa viwango na alama ya ubora ni TBS. Ukiwa umeshakosa marejesho mawili mfululizo, usingoje barua ya kudaiwa: nenda ukazungumze na viongozi wa kikundi wiki hii, na ukitishiwa kuchukuliwa vyombo vya ndani tafuta msaada wa kisheria kabla hujasaini karatasi yoyote. Na mtu yeyote akiugua baada ya kula dagaa wako, simamisha mauzo ya mzigo huo siku hiyohiyo na mwambie aende kituo cha afya.

Ukiniandikia tena, usiniandikie jinsi unavyohisi kuhusu mawakala. Niletee uzito wa zile kilo kumi za kila mmoja kabla na baada ya jua, tarehe zake, na katoni zilizorudi zimetoka mwalo gani. Nikiziona namba hizo nitaweza kukujibu kuhusu wakala yupi uanze naye.